Binti Yangu Alivyofundishwa Kunipinga

Shule mimi niliionja tu, nikaacha nikachunge ng'ombe. Kwa hiyo binti yangu aliposema anatafuta kazi ya mipango katika kampuni ya kahawa, nilimwuliza mipango ndiyo nini. Akasema ni watu wanaokaa kufikiria kampuni ielekee wapi, ifungue kituo wapi, ifunge wapi.

"Mtu analipwa kwa kufikiria?"

"Ndiyo, Tata, tena vizuri."

Mimi nimefikiria bure maisha yangu yote.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, wanunuzi wenye magari yao walipoanza kuingia Karagwe, kila mmoja na bei yake. Binti alikuwa anamaliza chuo cha biashara. Huko walikuwa na chama cha wanafunzi, nami niliposikia chama nikadhani ni siasa, au ngoma. Kumbe kazi yake ni kuandaana. Aliyetangulia kuajiriwa anarudi kuwaambia wenzake nafasi iko wapi na wanauliza nini, halafu wanakaa wanaulizana mpaka ulimi uzoee.

Likizo ile wakaja wenzake wawili wa chama kwangu Nyaishozi, kwa kuwa tuko barabarani: kijana wa Songambele mwenye mdomo, na kaka yao wa chuo aliyekwisha kupata kazi Mwanza. Usaili wa binti ulikuwa wiki inayofuata. Mke wangu akawapa akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, maana mgeni haanzi kusema kinywa kitupu. Ningeweza kueleza inavyochemshwa na majani, lakini tuendelee.

Wakimwuliza wao, binti alijibu bila kukwama. Kaka yao hakuridhika. Alisema mwenzao mmoja aliangushwa kwenye usaili na mzee mmoja wa kampuni ile ile. Mzee yule husema jambo la ovyo makusudi, aone kama utampinga. Mwenzao, mtoto wa Bweranyange aliyelelewa vizuri, akaitikia, "Ndiyo, mzee." Ikawa basi.

"Sasa tunahitaji mzee," akasema, akanitazama.

Wakanikalisha kitini. Binti akaingia, na kabla ya lolote akapiga magoti kunisalimu, kama tulivyomfundisha.

"Dada," akasema wa Songambele, "kule watadhani umedondosha kalamu."

Akatoka, akaingia tena. Nikasema nilivyoelekezwa: kampuni ifunge kituo cha Nyaishozi, inunue kahawa mjini tu.

"Ndiyo, Tata."

"Umetuzika," akasema yule kijana.

Tukarudia. Ndiyo, Tata. Kukaa kukanishinda. Nikaenda kutazama migomba, ambayo haikuwa na shida yoyote, nikarudi. Nikaenda kutazama mbuzi, nikarudi. Mtoto akose kazi kwa heshima tuliyompa wenyewe? Na ningemwambiaje, anidharau?

Basi nikayaacha maneno yao, nikasema la kwangu, ambalo sikuwa nimemwambia mtu: bei imenichosha, nang'oa mibuni yote nipande maharage.

Binti akasema, akitazama sakafu, "Hapana."

"Hapana nini?"

"Hapana, Tata. Ukiing'oa, siku bei ikirudi utaanza na miche. Ile iliyozeeka ikate ichipue upya, katikati panda hayo maharage."

"Unajua kulima kuliko mimi?"

"Sijui. Ila hilo si sawa."

Nikabisha kweli, naye akabisha, macho sasa yameinuka. Mke wangu akaja mlangoni na kisu cha kumenyea ndizi, akidhani tunagombana. Tulikuwa tunagombana. Kaka yao hakutuamua. Alitafuna kahawa yake akitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza kwaya.

Siku ya usaili sikushika jembe. Kila gari lililosimama barabarani nilitoka. Aliporudi, hata mkoba hajautua, nikamwuliza kama mzee alikuwepo.

"Alikuwepo."

"Ukampinga?"

"Nilimpinga. Akauliza nimejifunzia wapi kubishana na wakubwa."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia ni kwenye chama chetu."

"Na mimi je?"

"Wewe, Tata, ulikuwa kampuni."

Walimchukua. Mke wangu alifurahi siku ile ile. Mimi ilinichukua muda, kwa sababu nyumbani hapakuwa tena na mtu wa kuniambia ndiyo kwa upole ule, na nilikuwa nimeuzoea.