Simu Iliyomuuliza Fundi Ameamkaje

Fundi wa maturubai wa mpakani Malaba amefariki, na Jumamosi tumemzika kwao Nagongera. Wasomaji wangu madereva watamkumbuka: alikaa kando ya foleni ya malori, sindano kubwa mkononi, akiziba matundu huku wenye mizigo wakisubiri karatasi zao za forodha zitoke. Mimi nilizoea kukaa kwenye benchi lake kusikiliza utani. Hatukuwa watu wa kutembeleana, na ndiyo maana nashangaa jinsi alivyoniachia maswali mengi.

Aliugua ugonjwa wa damu. Akapelekwa ng'ambo, akapandikizwa uboho wa dada yake mkubwa, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Ulikubali kukaa, lakini baadaye damu hiyo mpya ikaanza kuupiga mwili wake kana kwamba yeye ndiye mgeni. Ngozi ya mikono ikakakamaa, sindano ikawa haishikiki. Mdomo ukajaa vidonda. Madaktari walimwambia kwamba hali hiyo hutokea na kwamba huchosha moyo pia, wakamwekea programu kwenye simu. Kila asubuhi ilimuuliza kwa Kiswahili, "Umeamkaje leo?" na kumwonyesha nyuso, kuanzia unaocheka hadi unaolia. Agonge mmoja. Akigonga unaolia, muuguzi wa huko angempigia waongee.

Madereva walifurahi sana. Mmoja wa Busia alimwambia, "Fundi, hiyo simu inakujali kuliko shemeji yetu." Fundi akacheka kwa upande wa mdomo usio na kidonda, akagonga uso unaocheka. Nikamuuliza kwa nini, maana chai yenyewe ilikuwa imemshinda kumeza. Akaniangalia kana kwamba nimekosa malezi. "Sasa mtu akikusalimu asubuhi, utasema mbaya? Unasema mzuri kwanza. Halafu mnaongea."

Nililiwaza hilo siku nyingi. Ni kweli, kwetu hata aliyefiwa hujibu salama, kisha ndipo hueleza msiba. Ila anayemsalimu huisubiri hiyo sehemu ya pili. Programu haikusubiri. Ilipokea uso unaocheka, ikashukuru, ikanyamaza hadi kesho. Nani aliitengeneza, na kwao watu husalimianaje? Elimu yangu ni ndogo, lakini bado natamani kumuuliza.

Lakini salamu haikuwa sababu yote. Siku vidole vilipogoma kabisa, dada yake, ambaye ndiye aliyempikia uji na kumpaka mafuta, alimshikia simu pale kwenye benchi. Fundi akamwambia agonge ule wa kila siku. Dada akakataa, akataka wa kweli. Fundi akasema polepole, "Dada, hii inayonipiga ni damu yako. Nikigonga huyo anayelia, nitakuwa nimemshtaki nani?"

Dada akamwekea simu gotini. "Nilikupa upone," alisema. "Sikukupa ndiyo unifiche."

Fundi akagonga unaolia kwa kifundo cha kidole. Simu ikaita chai ikiwa bado ya moto. Dada alisogea hadi kwenye malori, akatugeuzia mgongo ili asisikie, mpaka fundi mwenyewe akamwita aje wasikilize pamoja. Tangu hapo aligonga alichoamka nacho. Siku nyingine kilikuwa kicheko, na kilikuwa cha kweli. Sitadanganya kwamba programu ilimponya. Mwishowe ugonjwa uliingia kifuani, ukamshinda. Lakini hakufa akimficha dada yake.

Asubuhi ya mazishi simu ilikuwa mkononi mwa dada. Hakuna aliyekuwa ameiarifu, kwa hiyo iliuliza kama kawaida: "Umeamkaje leo?" Aliitazama, nikadhani ataizima. Akagonga uso unaolia. Muuguzi alipopiga, nilimsikia akisema, "Ni mimi dada yake. Yeye ametutoka. Nimekujibu kwa ajili yangu." Kisha akaenda nyuma ya jiko, na wakaongea hadi jeneza lilipotolewa nje.

Nimerudi kwangu Tororo na ninasalimiana na watu sokoni kama zamani. Wananijibu nzuri, nami nawajibu nzuri, na sioni ubaya wake, ndivyo tulivyolelewa. Ila sasa mtu akishanijibu hivyo siondoki upesi. Nasimama kidogo, nikisubiri sehemu ya pili.