Gari Bovu na Swali la Jumatatu

Fundi cherehani alishonea jikoni, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na mwanga, na kwa sababu kutoka pale alimsikia baba yake akikohoa. Kati yao palikuwa na pazia tu. Mtoto mgongoni, mguu kwenye pedali, simu imeegemea kopo la vifungo. Akimaliza pindo moja, anasoma komenti mbili tatu.

Ukurasa alioupenda ulikuwa wa mwalimu mmoja mstaafu, aliyeweka swali kila Jumatatu. Ukiokota simu ya adui yako, utairudisha? Uongo wa kumfurahisha mama mkwe ni dhambi? Watu walimiminika humo wakabishana hadi mate yakawakauka. Fundi aliishia darasa la saba, lakini humo hakuna aliyemwuliza cheti. Wote walimjua kwa jina la Kifungo.

Jumatatu ile swali likawa: mgonjwa asiyepona, aambiwe au asiambiwe?

Sindano ikasimama katikati ya mshono.

Si zamani, daktari alikuwa amemwita pembeni yeye na kaka yake, akawaambia mapafu ya mzee hayana tiba tena. Baba yao alikuwa fundi rangi. Maisha yake yote alivuta vumbi la kuta za nyumba za watu. Kaka mtu akakata shauri pale pale kwenye korido. "Mzee asijue. Ukimwambia, wewe ndiye uliyemuua." Naye akaitikia, maana kaka ni kaka. Tangu siku hiyo kila akipeleka chai alisema, "Leo umechangamka, baba," kisha akarudi jikoni upesi. Alitaka kumuaga. Alitaka amshukuru angali anasikia.

Basi yaliyomshinda nyumbani akayamwaga kwa watu asiowajua.

"Aambiwe," akaandika. "Mnamnyima nafasi ya kuaga halafu mnajiita wenye huruma!"

Wakamvamia. "Kifungo, wewe hujauguza." "Daktari wa kubonyeza simu huyo, mwacheni." Kisha akatokea Gari Bovu, bingwa wa ubishi, aliyekuwa na kituko cha kumalizia kila sentensi kwa neno nukta, hata wenzake wakawa wanamtania, "Haya, Mzee Nukta kafika."

"Mwacheni mgonjwa anywe chai yake kwa amani nukta," aliandika Gari Bovu.

Damu ikamchemka fundi. Akajibu bila kupumua: "Hata gari bovu lina haki ya kujua kama linapelekwa gereji au linauzwa chuma chakavu!"

Vicheko vikamwagika. "Gari Bovu, leo umepata pancha!" "Msukumeni jamani!" Fundi naye akacheka peke yake jikoni, na hakukumbuka lini mara ya mwisho alicheka hivyo.

Nyuma ya pazia baba akakohoa. Halafu akaanza kusema, taratibu, kama mtu anayeongea na kiziwi. Mikono yake ilikuwa inatetemeka siku hizi, kwa hiyo kaka alimfundisha kuisemesha simu iandike yenyewe, hata alama za kituo azitaje kwa mdomo. Fundi alidhani anawasalimia mafundi wenzake wa zamani.

"Gari linajua, mama," baba alisema. "Gari ndilo la kwanza kusikia injini yake. Nukta. Linanyamaza kwa ajili ya watoto waliopanda nyuma. Wakijua breki zimekwisha, nani atawabembeleza? Nukta."

Simu iliyoegemea kopo ikalia. Hakuhitaji kusoma, lakini alisoma. Neno kwa neno.

Chuma chakavu. Amemwita baba yake chuma chakavu, na umati ukashangilia.

Akaandika, akafuta, akaandika, akafuta tena. Mwisho akatuma: "Na kama watoto wameshajua?"

Akasubiri. Akamsikia baba akiisoma kwa sauti, silabi moja moja, kama alivyosoma siku zote, hata vibandiko vya makopo ya rangi. Wa-me-sha-ju-a. Safari hii hakukohoa.

"Basi wasiseme kitu," sauti ikaja, chini kidogo. "Waje tu wakae karibu. Nukta."

Fundi akatoa mguu kwenye pedali, akavuta pazia. Simu ya baba ilikuwa imelala kifudifudi juu ya blanketi. Kama alimjua Kifungo ni nani, uso wake haukusema.

"Mama."

"Naam, baba."

"Hebu mlete huyo bwana mkubwa hapa. Mgongo wako nao ni mgongo."

Akafungua mbeleko, akamlaza mtoto ubavuni mwa babu yake, akaketi ukingoni mwa kitanda. Akaushika ule mkono wenye rangi nyeupe kwenye kucha, rangi isiyowahi kutoka kwa sabuni yoyote. Machozi yakamtoka, hakuweza kuyazuia.

"Vumbi la vitambaa hilo," baba akasema, akitazama ukuta. "Linakuingia machoni."

"Ndiyo, baba. Vumbi."

Wakakaa hivyo mpaka chai ikapoa jikoni.

Mzee aliondoka duniani kabla mjukuu hajasimama dede. Baada ya mazishi, watu walipotawanyika, kaka alijiinamia kwenye kiti cha jikoni. "Afadhali mzee alikwenda bila kujua," akasema. "Tulifanya vizuri, au siyo?" Alimtazama dada yake kama mtoto anayeomba asichapwe.

"Ndiyo, kaka," fundi akasema, akammiminia chai.

Ubishi ule bado upo kwenye ukurasa wa mwalimu, na wapya kila wakiufikia hucheka. Simu inalia: mtu mwingine kafurahishwa na chuma chakavu. Siku moja fundi aliweka kidole ili aifute ile komenti. Simu ikamwuliza kama ana hakika, maana na majibu yote yaliyo chini yake yatafutika.

Chini yake ndiko aliko baba.

Akaondoa kidole. Akairudisha simu kwenye kopo la vifungo, akakanyaga pedali, na simu ikalia tena.