Mama mkwe alimwambia mwanawe mechi imesogezwa mbele

Admin, salamu. Nifichie jina, maana hapa mjini Baraka tunajuana hadi kwa kikohozi.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na tisa, nina watoto watatu, wa kwanza anaitwa Neema. Sasa naitwa mjane, neno ambalo bado linanikwaruza mdomoni. Mume wangu, Baba Neema, alikuwa mchuuzi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, lakini kazi yake ya moyoni ilikuwa kupiga ngoma ya mashabiki wa timu ya mtaa wetu. Nilizoea kumtania kwamba mpira ndiye mke mkubwa, mimi nimeletwa kupika tu. Alikuwa anacheka, halafu anatafuta jezi yake.

Kulikuwa na mechi ya Jumapili ambayo watu waliisubiri sana. Baba Neema alikuwa Kazimia kununua samaki, na mpango wake ulikuwa kupanda boti ya Jumapili alfajiri, ziwa likiwa bado limelala. Jumamosi mchana, pikipiki yenye megafoni ikapita ikitangaza kwamba mechi imeahirishwa hadi wiki inayofuata. Sababu hawakusema. Mashabiki wa timu pinzani kutoka Misisi walikuwa wameshafika na lori, wamejaa vumbi hadi kwenye kope, wakabaki wanazunguka sokoni wakitukana. Mama jirani alikuwa amekanda unga wa mandazi beseni zima ili auze uwanjani. Tulimcheka, na yeye akacheka. Hatukujua hasara yenyewe ilikuwa bado iko njiani.

Mama mkwe, ambaye anaishi na sisi, alimhurumia mwanawe. Akampigia simu ili asijisumbue. Nilikuwa jikoni, nikamsikia kwa masikio yangu akimwambia: "Match imesogezwa mbele, mutoto wangu."

Sikuwaza kitu. Mama ni mtu wa kanisani, na kwake "mbele" ni siku zinazokuja, kama wanavyohubiri. Lakini watu wa mpira hapa kwetu wana lugha yao. Mechi ikicheleweshwa wanasema imerudishwa nyuma. Ikisogezwa mbele, maana yake inachezwa kabla ya siku yake. Kwa hiyo Baba Neema alielewa kwamba mechi ni leo leo.

Baada ya muda mfupi akanipigia mimi. Nilisikia upepo na watu wanaitana. Akasema: "Mama anasema match iko mbele, mi napanda hii boti ya sasa. Batoto bakule tu, miye nitakula nyuma ya match, ikiisha." Nikaanza kumwambia hapana, Baba Neema, sivyo, na mtandao ukakatika. Nikapiga tena na tena. Ni ile sauti ya mwanamke tu ilinijibu kwamba hapatikani.

Boti ilikuwa imejaa kupita kiasi, na mchana ule upepo ulikuwa mkali. Ziwa lilirudisha wengine, wazima na maiti. Yeye hapana. Tulizika jezi yake.

Walionusurika walisema Baba Neema alisukumana kupata nafasi kwa sababu aliitwa na watu wa nyumbani. Hapo ndipo macho yote yakanigeukia. Mama mkwe analia na kurudia maneno yale yale kwa kila anayekuja kutoa pole, kwamba yeye alimwambia mechi imesogezwa mbele ili asikimbie, sasa nani tena alimwita? Na mimi ninakaa kwenye mkeka wangu, nimeinamisha kichwa. Ningesema nini? Ningemwambia mama aliyefiwa kwamba neno lake la huruma ndilo lililompandisha mwanawe kwenye boti? Nilijiambia nitasema kilio kikipoa. Hakikupoa.

Sasa shemeji zangu wamepanga kikao Jumapili hii. Wanataka nirudi kwa wazazi wangu Fizi, watoto wabaki, kwa sababu hawawezi kulelewa na mwanamke aliyemwita baba yao kwenye kifo. Neema ameshasikia. Ameniuliza kama ni kweli nilimwita baba.

Kuna rafiki yake mmoja, Kashindi, alikuwa naye pale Kazimia akakosa nafasi kwenye boti. Yeye alisikia simu zote mbili. Alikuja akaniambia: "Shemeji, mi niko tayari kusema mbele ya familia. Unikubalie tu." Nikamwomba angoje. Tangu siku ile silali vizuri. Ile pikipiki bado inapita kila wiki kutangaza mechi, na kila inapopita mama mkwe anatoka nje, anasimama barabarani akisikiliza hadi mwisho, kana kwamba watatangaza habari nyingine.

Jana alinifuata nikiwa naanika nguo. Hajaongea nami vizuri tangu msiba, lakini jana alinishika mkono. Akaniuliza kwa sauti ndogo: "Mama Neema, we ulikuwa jikoni. Ulinisikia. Nilimwambia vizuri, sivyo?"

Nikaelewa kwamba ameanza kulizungusha lile neno kichwani, na nikaogopa. Nikamjibu: "Ulimwambia vizuri, mama." Akavuta pumzi, akaenda kulala, na kwa mara ya kwanza sikumsikia akilia.

Ndugu zangu, nampenda yule mama. Amenilea kama binti yake. Lakini watoto wangu nimewazaa mimi, na Kashindi anasubiri neno langu. Akisema, mama hatapona. Akinyamaza, Neema atakua akijua kwamba mimi ndiye niliyemuua baba yake. Msiniandikie pole tu, pole ninazo nyingi. Jumapili imekaribia, na safari hii hakuna wa kuiahirisha. Nishaurini, nifanye nini?