Dume Langu Liliitwa Laptop

Siku niliyokwenda Nkololo kulichukua dume langu la ng'ombe lililoitwa Laptop, nilikuta linaitikia jina jingine.

Usicheke. Nyuma yangu alisimama mnunuzi na kamba mkononi, na nisipouza siku ile, kazi niliyoiombea maisha yangu yote inakwenda kwa mtu mwingine.

Naitwa Josia, fundi mwashi wa hapa Bariadi. Nina mvi. Mwaka jana nilianza darasa la jioni la kuchora ramani kwa kompyuta, nikikaa na vijana wanaoniita "mshua". Kila somo nilianza kwa ishara ya msalaba, maana hata kipanya nilikiogopa.

Kamati ya ujenzi ya kigango chetu ikasikia.

"Josia, tuchoree kanisa jipya," wakasema. "Ukishindwa, yupo mchoraji wa Mwanza."

Maisha yangu yote nimejenga walichochora wengine. Nikapiga magoti palepale.

Nikajiambia, kazi ya Mungu haifanywi kwa kompyuta kimeo.

Kulikuwa na laptop mpya inatangazwa. Chuma, usipime! Unalizungusha kanisa zima kwenye kioo, unaingia mlangoni, unatembea hadi altareni, na haigandi. Magese, muuza kompyuta wa Mwanza, akaniahidi, "Mwezi wa sita inatoka, fundi. Ya kwanza ni yako."

Fedha sikuwa nayo. Nilikuwa na dume, linachungwa na shemeji yangu Masalu kijijini kwetu Nkololo. Sikutaka kuliuza mapema. Hela ikikaa mkononi, misiba na ada huinusa.

Mke wangu Kwandu ndiye aliyelibatiza. Masalu akipiga simu, utamsikia, "Laptop ya mume wangu imenenepa?" Mtaa mzima ukadaka.

Mwezi wa sita ukafika.

"Imesogezwa, fundi. Wa nane," akasema Magese. Nikaiomba kamati isubiri.

Wa nane ukafika.

"Kiwandani mambo hayajakaa sawa. Wa kumi. Au nikupe ya mwaka jana? Iko hapa, kwenye boksi lake."

Ya mwaka jana! Si itazeeka siku ile mpya itakapotoka?

Rhoda, mwalimu wetu, akanishauri nichukue ya mezani. Ina nguvu na ni nafuu. Lakini umeme wetu hukatika bila hodi. Nikafikiria iliyotumika kutoka Dubai. Vijana wakasema betri yake itachoka kabla yangu.

Nikaanza novena, sala za siku tisa, nikiomba ishara.

"Baba Monika," Kwandu akaniita, "unaomba ishara, au unaomba Mungu awahimize wenye kiwanda?"

Nikaendelea na novena.

Wa kumi ukapita hivihivi. Wa kumi na moja mvua zikashuka, na katekista akatangaza kwamba kamati itakutana Jumapili. Mchoraji wa Mwanza alikuwa ameshakuja kupima kiwanja.

Nikampigia Magese.

"Sasa wanasema mwakani, fundi."

"Nipe ya mwaka jana! Nakuja na hela keshokutwa."

Asubuhi yake nikapanda pikipiki na mnunuzi wa ng'ombe hadi Nkololo. Zizini dume hakuna. Limeibiwa?

Ndipo nikasikia sauti shambani. "Meneja, geuka! Diwani, kaza!"

Masalu alikuwa nyuma ya plau. Na huyo Diwani, shingo ndani ya nira, alikuwa dume langu.

"Mwangaluka, shemeji. Mhola?" akanisalimia Kisukuma, akiuliza kama ni salama.

"Mhola gani? Hiyo ni Laptop yangu!"

"Huku ni Diwani. Nimemfundisha tangu mwezi wa nane. Anavuta kushoto, na neno akilisikia mara moja limetosha."

"Mfungue. Mnunuzi huyu hapa."

Masalu akautazama udongo uliolowa. "Shemeji, jozi haivunjwi katikati ya shamba. Meneja peke yake atavuta nini? Ulisema wa sita, ukasema wa nane, ukasema wa kumi. Mvua haina kiwanda cha kuisogeza."

"Ni ng'ombe wangu!"

Nikaishika nira niifungue mwenyewe.

"Fungua," akasema taratibu. "Ila uliza kwanza shamba ni la nani."

Nikainua macho. Kule mwisho nikaona mkuyu, halafu kichuguu. Nililijua shamba lile likiwa kichaka.

Lilikuwa langu. La marehemu baba.

"Dada Kwandu ndiye aliyeniagiza," Masalu akasema. "Alisema, mume wangu akisubiri, basi ng'ombe wake asisubiri."

Mnunuzi akakohoa. "Wazee, tunauza au tunalima?"

Nikaiachia nira.

Nilirudi mjini mikono mitupu. Rhoda akanifungulia ile kompyuta ya darasani inayoganda.

"Chora kuta, fundi. Kanisa lisizunguke, litulie tu."

Nikachora. Kila ukuta ulipokamilika nilihifadhi kazi, na kila ilipoganda nilisali Baba Yetu. Umeme ulikatika, ukarudi. Jumamosi jioni tukachapa karatasi moja kubwa.

Jumapili mchoraji wa Mwanza akafungua laptop yake. Kanisa likazunguka, milango ikafunguka yenyewe. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nikajua nimekwisha.

Mama Generoza, mwenyekiti wa kamati, akasema, "Nzuri mno. Tuachie basi, ipite kwenye jumuiya, waumini waione ndipo wachange."

Ndivyo tunavyofanya. Mtu hachangii asichokishika.

Mchoraji akakuna kichwa. "Ya karatasi bado. Nipeni kama mwezi hivi."

"Tumechoka kuambiwa mwezi," akasema Mama Generoza. Akanigeukia. "Josia, wewe umekuja na nini?"

Nikaikunjua karatasi mezani. Wiki ile ilizunguka jumuiya zote, ikarudi na alama za vidole vya unga na mafuta. Kanisa linajengwa kwa ramani hiyo.

Mwezi wa pili simu ikalia. "Fundi! Chuma kimetoka!"

Nilikuwa Nkololo kwenye pamba, napalilia na Diwani. Kwandu alisikia, akaangua kicheko.

"Hongera, Magese," nikamjibu. "Ila nitakupigia. Niko kazini na Laptop."

Ndugu msomaji, endelea kusali. Ila ukishasema amina, nenda kaangalie zizini. Huenda jibu limesimama pale linacheua, linasubiri nira.