Maoni Yake Juu ya Lile Dude

Mimi si mtu wa kukaa na neno. Likinifika kooni nalitoa, na mara nyingi nimejutia, lakini afadhali kujuta kuliko kuvimbiwa. Ndivyo tulivyolelewa. Kwetu Katelembo tulibishana kuhusu chumvi ya mboga, kuhusu mvua kama itanyesha ama itatupita, kuhusu padre kama alihubiri vizuri, na mtu akinyamaza wakati wa chakula aliulizwa kama ni mgonjwa. Baba alimpinga mama, mama akampinga baba, halafu wakashuka shambani pamoja wakicheka. Nilidhani nyumba zote ziko hivyo.

Ilikuwa katika ile miaka ya mwisho ya tisini. Nilikuwa nashona nguo mjini Machakos, kwenye kibaraza cha duka la vitambaa la mama mmoja Mwislamu ambaye wazee wake walitoka pwani, na nilikuwa na mchumba. Alikuwa kijana wa Kyumbi, anauza dawa za mifugo mtaa wa pili kutoka dukani kwetu. Mpole, msafi, hanywi, hana makuu. Mipango ilikuwa imefika mbali: Jumamosi iliyokuwa inakuja, baba yake na wazee wao walikuwa walete kwetu mbuzi watatu wa ntheo. Kwetu Wakamba, mbuzi hao wakishafika kwenye boma la baba yako, mmoja akachinjwa na pande mbili zikala, basi wewe ni mke wa watu, hata kama harusi ya kanisani itakuja baada ya miaka mitano. Kurudi nyuma hapo si mchezo. Zilikuwa zimebaki siku sita.

Jumapili hiyo, baada ya misa, alinipeleka kuona filamu.

Mwenye ukumbi wa video alikuwa mwalimu mstaafu, na ualimu ulikuwa haujamtoka. Alikuwa na televisheni kubwa juu ya meza, deki chini yake, mabenchi kama ya darasani, na ubao. Filamu ikiisha hakuna aliyeruhusiwa kutoka mbio. Alifungua madirisha, akashika chaki, akaandika swali moja, kisha watu wakainua mikono na kutoa maoni, mmoja mmoja, wakiwa wamesimama. Ukitoa maoni bila sababu alikukalisha. Wengine tulikuwa tunakuja kwa ajili ya hayo maoni kuliko filamu yenyewe. Akiona ubishi umekuwa mkali, alijua kaseti hiyo itarudiwa Jumapili nyingine.

Filamu ya siku hiyo ilikuwa ya dude kubwa. Wachimba madini wa nchi fulani ya mbali walilipua mwamba, na kumbe ndani ya mlima mlikuwa na mnyama aliyelala, mrefu kuliko ghorofa yoyote. Akaamka, akateremka kufuata mto, akafika mjini, akavunja madaraja, akakanyaga magari kama mtu anavyokanyaga maganda ya kunde, na helikopta zikamzunguka zikimpiga mpaka mwisho akatumbukia ziwani na kuzama. Ukumbi wote ulitikisika kwa kelele. Mimi nilisahau hata kuegemea. Mchumba wangu alikaa wima kando yangu, mikono juu ya magoti, na nilipomtazama alitabasamu.

Mwalimu aliandika ubaoni: NANI ALIKOSA?

Wa kwanza kusimama alikuwa mchinjaji mmoja wa sokoni, mtu wa tumbo na sauti. "Waliokosa ni wanajeshi," alisema. "Hao hawajawahi chinja hata kuku. Mnyama shingo yake iko hapo wazi, wao wanapiga mgongo filamu yote."

Mwanamke mmoja mkulima, aliyekuwa bado ameshika kikapu cha sokoni, akasema yeye haamini hata kidogo. "Hii mnyama yote inakunywa maji wapi? Mimi niko na ng'ombe wawili tu na wananimaliza na maji. Hii haijakula, haijakunywa, haijakojoa. Inatembea tu. Mimi naona aliyekosa ni mwenye kutengeneza filamu."

Watu walipiga makofi, na hapo nikashindwa kukaa. Nilisimama hata kabla ya kuitwa. Nikasema filamu ni nzuri kuliko zote zilizowahi kuletwa pale, na dude halikukosa chochote. Lilikuwa limelala kwake, likaamshwa na baruti. Nani anaamshwa na baruti akaamka akisalimia?

"Sasa jirani yako akikuamsha utakanyaga mji?" mchinjaji akaniuliza.

"Inategemea jirani," nikamwambia, na ukumbi ukacheka. Tulibishana mimi na yeye mpaka mwalimu akatugongea meza. Nilikuwa nimechemka, najisikia vizuri kabisa. Ndipo mwalimu akamnyooshea chaki mchumba wangu.

"Wewe kijana wa dawa za ng'ombe. Unasemaje?"

Akasimama taratibu, akafunga kifungo cha koti. "Nakubaliana na mwenzangu aliyetangulia."

"Yupi? Mchinjaji ama huyu dada? Hawa wamepingana."

Alifikiri kidogo. "Wote wawili," akasema. "Na yule mama wa maji pia."

Watu walicheka hadi mabenchi yakalia. Yeye pia alicheka, bila kinyongo, akakaa. Mimi sikucheka. Tangu dakika hiyo sikutulia tena.

Tulipotoka nilitembea mbele yake, ananifuata amenibebea mkoba. Nilianza kurudisha kichwani miezi yetu yote minane. Nilitafuta siku moja aliyonikatalia kitu. Nilisema tukae hapa, tukakaa. Nilisema rangi ya koti lake siipendi, likabadilishwa. Nilipomwambia sitaki kuishi Kyumbi kwa watu wake, alisema "vai thina", ambayo kwetu ni kama kusema hakuna shida, na nilifurahi wakati huo kwa sababu nilidhani nimeshinda. Na nani basi alikuwa amesema tuoane? Shangazi yake alimtajia jina langu, na yeye akasema vai thina.

Basi nikamtega. Ni ubaya, najua. Nikamwambia, "Lakini ile sehemu dude lilitoa machozi pale darajani, kweli lilinitoa roho."

"Hata mimi ilinigusa," akasema.

Dude halikulia pale darajani. Halikulia mahali popote.

Wiki hiyo mji wote ulikuwa unalijadili dude, maana mwalimu aliirudia kaseti Jumanne na Jumatano. Kibarazani kwangu wateja waliokuja kupimwa sare walisimama na tepu shingoni wakibishana kama lilikufa ama liko chini ya maji linapumzika. Waliokuwa hawajaiona ndio waliokuwa na maoni makali zaidi. Mama mwenye duka hakuwahi kukanyaga ukumbi ule maishani mwake, lakini aliposimuliwa habari alitingisha kichwa. "Mji mzima unakanyagwa na hakuna hata mmoja aliyemwita Mungu? Basi waache wakanyagwe," alisema, akaendelea kupima kitambaa.

Kila mtu alikuwa na neno, isipokuwa mtu niliyekuwa naenda kulala naye kitanda kimoja maisha yangu yote. Nilishona pindo nikalifumua. Nilitia mikono miwili ya kushoto kwenye blauzi moja. Mama wa duka alinitazama siku mbili, kisha akavuta kigoda akakaa karibu na cherehani.

"Una nini wewe, mwanangu? Unakimbiza hiyo mashine unaenda wapi?"

Nikamweleza yote. Nilitegemea atanicheka, au ataniambia nishukuru nimepata mtu asiye na fujo. Badala yake akasema, "Wamwuliza maoni. Ushamwuliza anachotaka?"

Nilivua kofia ya kushonea, kile kidude cha chuma cha kidoleni, nikaenda hapo hapo. Nilimkuta akimhesabia mzee mmoja matone ya dawa ya minyoo ya mbuzi. Nilingoja mzee atoke.

"Jumamosi unataka kuja kwetu?"

"Si mambo ishapangwa?"

"Sijauliza kama imepangwa. Nauliza kama unataka."

Alinitazama kwa yale macho yake mapole. "Wewe ukitaka, mimi sina shida."

Nilirudi kazini. Niliona maisha yangu yote mbele: mimi nasema, yeye anakubali, nyumba kimya, mimi nasema tena kwa sauti zaidi ili nisikie hata mwangwi. Ningekuwa mwanamke mkali ambaye watu wanamwonea mumewe huruma. Usiku huo na uliofuata sikuonja usingizi, na Alhamisi asubuhi, kabla hajamaliza kufungua milango ya duka lake la dawa, nilikuwa nimesimama pale nje.

"Usilete mbuzi," nikamwambia.

Sasa niseme ukweli, kwa sababu nimeuficha kwa muda mrefu. Sikutaka kumwacha. Nilitaka akatae. Nilitaka aseme, wewe mwanamke umepata wazimu, mbuzi watakuja, baba yangu ashazungumza na baba yako, na mimi nakutaka. Hata angenitukana ningefurahi. Nilikuwa na majibu tayari ya kila ambalo angeweza kusema, na yote yalikuwa yanaishia mimi kushindwa.

Aliegemeza mlango ukutani. Akafuta mikono kwa kitambaa.

"Vai thina," akasema. Kisha, "Nimwambie baba ni kwa nini?"

Hata sababu aliomba kwangu. Hasira zilinipanda mpaka machoni. "Mwambie ni wewe umekataa," nikasema, nikaondoka nisimwone uso.

Na ndivyo alivyomwambia. Ijumaa alikuja mzee mmoja kutoka kwao, akakaa na baba, akasema kwa aibu kwamba kijana amegeuka, hawajui amepatwa na nini. Baba alitupa kiti. Mama alilia, akanikumbatia, akasema Mungu ameniokoa na mtu asiye na msimamo. Nami nilikumbatiwa, nikanyamaza. Mimi, ambaye sikai na neno.

Mji ukaacha habari za dude ukashika habari za yule kijana. Mchinjaji alisema alimwona tangu siku ile ukumbini kwamba si mwanamume. Wateja walininunulia soda, wakanipa pole kibarazani, wengine wakaapa hawatanunua dawa kwake tena, na ni kweli waliacha. Nilisikia baba yake alikuwa amekaa wiki mbili bila kumsemesha, na kwamba ni kijana mwenyewe aliyetumwa kuwarudisha wale mbuzi alikowatoa, akipita nao mchana kweupe katikati ya Kyumbi watu wakimtazama. Kila pole niliyopewa ilinichoma. Niliimeza, nikasema asante.

Wiki ya tatu sikuweza tena. Nilienda dukani kwake. Alikuwa amekonda kidogo. Nilimwambia naenda kwa baba yake leo hii kusema ukweli, kwamba ni mimi.

"Usifanye hivyo," akasema.

Nilidhani sijasikia. "Nisifanye nini?"

"Usiende. Watakusema vibaya, na wewe hujui kunyamaza. Utagombana na mji mzima mpaka ukose pa kuweka cherehani. Mimi naweza kusemwa. Wewe huwezi."

Hakuinua sauti. Lakini alikuwa anajua, unaona, alikuwa ananijua kabisa, ameniangalia miezi yote minane na kunipima vizuri kuliko mimi nilivyopima mtu yeyote. Nikashika ile meza ya duka.

"Na ile filamu?" nikamwuliza. "Sema ukweli. Uliionaje?"

"Ilikuwa mbaya," akasema. "Kelele tupu. Ilinipa kichwa kuuma."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umeifurahia sana."

Nilisimama pale machozi yananitoka, sijali nani anapita nje. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na mtu wa kubishana naye, na nilimtaka, nilimtaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

"Basi walete," nikasema. "Walete wale mbuzi. Nitaongea na baba mimi mwenyewe."

Alinitazama kwa yale macho yake mapole.

"Hapana," akasema, kisha akamgeukia mwanamke aliyekuwa ameingia kutafuta dawa ya kupe.