Fundi Anayejaribia Programu kwa Mama Mkwe

Khrrr, khrrr. Ni alfajiri, taa bado hazijawashwa, na feni ya kompyuta kuukuu inakoroma juu ya meza ya jikoni. Mwenye nyumba anaikunjia taulo chini yake, isije ikamwamsha binti yake kabla ya wakati.

Mama huyu ni fundi wa maabara ya kompyuta katika chuo cha wauguzi. Wanafunzi humwita Mama Zima-Uwashe, kwa kuwa hilo ndilo jibu lake la kwanza kwa kila tatizo. Hakasiriki.

“Nusu ya matatizo huishia hapo,” anasema. “Nusu iliyobaki ndiyo inayoninyima usingizi.”

Wauguzi wa kozi ya jioni hujifunza programu ya takwimu inayochora uzito wa watoto wa kliniki, ili anayedhoofika aonekane mapema. Programu yenyewe ni ya bure. Tabu ni kuiingiza kwenye kompyuta. Inataka programu nyingine kwanza, na hiyo nayo inataka nyingine.

“Ni kama mgeni uliyemwalika peke yake, akaja na ukoo mzima,” anasema fundi. “Na kila mmoja anataka kiti chake.”

Muhula uliopita wengi walikwama hapo hapo. Bando likaisha, wakaacha. Muuguzi mmoja wa wodi ya watoto alifunga kompyuta yake taratibu, akaaga akisema huenda yeye si mtu wa mambo haya.

“Somo lilikuwa halijaanza,” anakumbuka fundi. “Alikwama mlangoni, akadhani ameshindwa darasa.”

Fundi akaufungasha ukoo wote pamoja ndani ya flashi moja, bila kuhitaji mtandao. Akajaribu, ikakubali. Akawagawia waliobaki, ikawagomea wote. Alikuwa ameijaribia kwenye kompyuta yake ya ofisini, ambamo programu zote saidizi zilikuwemo tangu zamani.

“Nilijaribu ufunguo kwenye mlango uliokuwa wazi,” anasema, akicheka kidogo.

Sasa ana utaratibu mwingine. Kompyuta hii kuukuu huifuta yote, mpaka iwe haijui kitu. Kisha humwita mtu asiyejua kitu: mama mkwe wake, mshonaji mstaafu. Fundi mwenyewe hukaa kwenye kigoda kando ya sinki, na haruhusiwi kusema neno mpaka mchoro wa mfano utokee kwenye kioo.

Juzi jaribio lilikwama. Kompyuta ilimuuliza mama mkwe programu iwekwe wapi. Bibi akaitazama, akasema iwekwe inapowekwa, yeye atajuaje. Fundi akaenda kuliondoa swali hilo.

Leo hakuna nafasi ya kukosea. Wanafunzi wapya wanaanza jioni, na mkuu wa chuo ameshasema kwamba darasa likivurugika tena, litafungwa.

Kunapambazuka. Mama mkwe anaingia na kikombe cha chai, nyuma yake mjukuu aliyevaa sare ya shule upande mmoja tu, mkono wa pili unaning’inia. Miwani ya bibi imevunjika, kwa hiyo mtoto ndiye atakayemsomea.

“Mwanangu, hii ikilipuka, mimi sipo,” bibi anamwambia mkwewe, na kubonyeza.

Mstari wa kijani unatambaa kwenye kioo. Ukifika katikati, unasimama. Feni nayo inanyamaza. Fundi anaikalia mikono yake.

“Imelala?” bibi anauliza.

Fundi alikuwa ameshaeleza anachotaka. Flashi ya kwanza atampelekea yule muuguzi wa wodi ya watoto, na nyingine zitafuata kwenye zahanati zisizo na mtandao.

“Sitamhubiria arudi darasani,” alisema. “Nitamwomba abonyeze mara moja tu, aone.”

Feni inakohoa, inaanza tena kukoroma. Mtoto anaisogelea meza, anasimama kwa ncha za vidole.

“Bibi, mchoro umetokea.”