Saumu Niliyowafungia Wenzangu

Mama yangu alikuwa na neno moja la kumaliza kila ubishi: Mungu kwanza. Nikitaka ndala za plastiki kama za binti wa jirani, Mungu kwanza. Nikitaka kusukwa kama wenzangu wa shule, aliniuliza, "Wewe unamfuata Mungu au unamfuata yule?" Alikuwa fundi cherehani, na maneno hayo aliyasema bila kuinua macho kwenye mshono, mguu ukiendelea kukanyaga. Mpaka leo nikisikia cherehani ya miguu inalia, najihisi nimekosa jambo.

Tulikuwa wageni Mtwara. Baba alikuwa karani bandarini, na kazi yake ndiyo iliyotutoa Songea na kutuleta pwani, miaka michache baada ya uhuru. Tulipanga vyumba viwili, na upande wa pili wa ua aliishi bibi mmoja mzaliwa wa Mikindani pamoja na mjukuu wake wa kike. Sisi Wakatoliki, wao Waislamu, jiko la uani tukilitumia kwa zamu bila ugomvi. Mjukuu na mimi tulikuwa rika moja. Nilimpenda sana, na kwa umri ule kumpenda mtu maana yake ilikuwa kutaka kuwa yeye.

Ramadhani ya mwaka ule iliangukia msimu wa korosho, kwenye lile joto la kabla ya mvua. Bibi hakuwalazimisha watoto. Wadogo waliruhusiwa kufunga mpaka adhuhuri, kisha wale. Lakini rafiki yangu na wasichana wawili wa mtaani walikubaliana kwenda mpaka magharibi, na kila alasiri walikutana nyuma ya jiko kukaguana ndimi. Ulimi mkavu wenye utando mweupe, umefunga. Ulimi mwekundu, wenye mate, umekula, na mwenye nao ataitwa kobe mpaka Idi. Siku ya kwanza nilijipanga mstarini nikatoa ulimi wangu kama wao. Rafiki yangu akanipita. "Huyu hakaguliwi," akasema. "Huyu anakula tu." Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma.

Kesho yake nikafunga.

Ilikuwa Jumanne. Najua kwa sababu Jumapili iliyofuata nilitakiwa kupokea Komunyo ya Kwanza, na mama alikuwa akihesabu siku kwa sauti huku akinishonea gauni jeupe. Mchana alinipakulia ugali na dagaa, akarudi kwenye cherehani yake barazani, nami nikavimwaga kwa bata wa jirani. Maji nilisukutua nikatema. Ilipofika alasiri nikatoa ulimi, na rafiki yangu akauinamia, akautazama kwa makini, akasema, "Umefunga kweli!" Jamani, sijawahi kusifiwa hivyo tena maishani. Jumatano nikafunga, Alhamisi nikafunga. Ijumaa darasani ubao ulianza kucheza mbele yangu. Mama alinishika shingo jioni akaona haina homa, akasema ni furaha ya Komunyo. Jumamosi nikafunga tena.

Sikumfikiria Mungu hata mara moja siku zote hizo. Nasema wazi kwa kuwa watu wakisikia kisa hiki hupenda kunipamba, eti mtoto mdogo alivyokuwa mcha Mungu. Nilikuwa nafikiria ulimi wangu.

Katekista aliyetufundisha alikuwa Mmakonde aliyevuka Ruvuma na familia yake kukimbia vita vya ng'ambo. Alikuwa mpole, ila kwa jambo hili hakucheka na mtu. "Mkishaipokea hostia, ule mkate mwembamba wa Komunyo, msiitafune," alisema. "Iacheni iyeyuke, mmeze. Huyo ni Yesu mwenyewe." Tukamjibu wote kwa pamoja kwamba tumeelewa.

Jumapili asubuhi mama hakunipa chai, kwani tulitakiwa kukaa bila kula kabla ya kupokea. Nikashukuru kimoyomoyo kwamba leo sihitaji bata. Nikatoka uani na gauni langu, na rafiki yangu akanizunguka akilishika shika pindo. Kisha akaninong'oneza, "Huko kanisani mnapewa kula?"

"Kidogo tu. Kama karatasi."

"Basi umevunja."

"Hata kidogo hivyo?"

"Hata punje ya mchele," akasema, na nilimwona anavyosikitika kwa ajili yangu.

Njia nzima sikusikia lolote alilonena mama. Kanisani tulikaa viti vya mbele, wasichana upande mmoja, wavulana upande mwingine, wengi wakiwa watoto wa maofisa wa serikali. Nilikuwa na mambo mawili kichwani na hayakukaa pamoja. Nikikataa kufungua mdomo, mama ataaibika mbele ya kanisa zima. Nikimeza, leo alasiri mimi ni kobe. Foleni ikasogea. Nikapiga magoti. Padri, mzungu mzee mwenye ndevu, akafika mbele yangu akasema, "Mwili wa Kristo," nami nikasema, "Amina," nikafungua mdomo.

Mdomo wangu ulikuwa mkavu kwa siku tano za kujinyima maji mchana kutwa. Hostia ikaganda juu kwenye kaakaa, haishuki wala haiyeyuki. Nikarudi kitini nikiwa nimeubana ulimi chini ili isiuguse. Nikainama, nikafunika uso kwa mikono kama tulivyofundishwa, na humo ndani ya mikono nikaibandua kwa kidole, nikaiweka kwenye leso yangu mpya. Nilisikia mtu analia nyuma yangu kwa furaha. Nikajua ni mama.

Nyumbani kulikuwa na pilau na wageni, wake za wafanyakazi wenzake baba. Baba mwenyewe alikuwa zamu bandarini, meli ya korosho ilikuwa inapakia. Nikasema naenda kumwonyesha Bibi gauni, na mama, kwa furaha aliyokuwa nayo, akaniachia. Rafiki yangu alikuwa ananingoja ukumbini kwao. Akaniambia nitoe ulimi. Nikautoa. Kisha nikafanya upumbavu wangu wa pili: nikaikunjua leso ili aone nilivyo shujaa. "Nimepewa," nikasema, "na sikula."

Bibi alikuwa pale pale mkekani, anachambua mchele. Akaniuliza, "Nini hicho, mjukuu wangu?"

"Mwili wa Yesu, Bibi."

Akaweka ungo chini. Hakuigusa leso, wala hakunikaripia. Aliniuliza polepole ilikuwaje, nami nikamweleza yote, tangu Jumanne, nikidhani atanisifu kwa saumu tano. Akamgeukia mjukuu wake. "Nani aliwaambia saumu inapimwa kwa ulimi?" Mtoto akaangua kilio. Bibi akajitanda kanga kichwani, akanishika kifundo cha mkono. "Hiyo dini si yangu, siijui. Lakini kitu umepewa mbele ya Mungu, kisha ukakificha kwa ajili yetu sisi? Twende kwa mama yako."

Hapo ndipo hofu iliponiingia, na ikaniingia yote kwa mpigo. Bibi akamwita mama uani, akamwambia kwa maneno machache, "Mwanangu, usimpige. Kwanza kirudishe kitu cha watu mahali pake." Mama aliitazama leso. Mkono wake ulikuwa umekwisha inuka. Ukabaki hewani muda ambao mimi niliuona mrefu, kisha ukashuka.

Tulirudi kanisani kwa miguu, saa saba mchana, bila kuwaaga wageni. Mama alinitanguliza. Nilibeba leso kwa viganja viwili kama mtu aliyebeba maji, na kila nilipotaka kusema alisema, "Nyamaza." Nilikuwa na kiu ya kufa. Niliamini kabisa kwamba ardhi itafunguka, na nilichokuwa najiuliza ni kama itamchukua na yeye.

Padri tulimkuta sakristia, chumba cha nyuma ya altare. Alipoelewa, aliipokea leso kwa mikono yote miwili, akageuka, akaitia hostia kwenye chombo chenye maji iyeyuke, akafunika. Alisimama pale kitambo akisali, ametupa mgongo. Kisha akaketi, ili uso wake uwe sawa na wangu.

"Ulikuwa umefunga?"

"Ndiyo, Baba."

"Ulimfungia nani?"

"Wenzangu," nikasema.

Sikupigiwa kelele. Alitikisa kichwa, akauliza, "Una miaka mingapi, mwanangu?" Nikamtazama mama, kwa sababu tulikuwa na majibu mawili ya swali hilo, moja la nyumbani na moja la kanisani, na sikujua hapa ni wapi.

"Saba," mama akasema. Sauti ilimtoka kama si yake. "Kwenye karatasi ya kumwandikisha niliandika minane, Baba, maana chini ya hapo hawapokelewi."

"Kwa nini?"

"Watoto wa maofisa wote walikuwa wanapokea mwaka huu. Nilipima mpaka kitambaa cha gauni kilingane na chao." Akapiga magoti pale sakafuni, mama yangu, na sketi yake ya Jumapili, akalia kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia, wala hata kwenye msiba wa mama yake mwenyewe. Padri alimwacha alie. Kisha akasema nitarudi darasani mwaka mzima, na kwamba Mungu hakuwa na haraka nami.

Tulipofika nyumbani wageni walikuwa bado wanakula, wameshaanza kuulizana tumekwenda wapi. Nilitegemea mama atabuni jambo. Alikuwa hodari wa kutunza heshima ya nyumba, na mimi nilikuwa tayari kudanganya pamoja naye. Badala yake alisimama mlangoni, akavua kitambaa cha kichwa kilicholoa jasho, akawaeleza kila kitu, leso, bata, na ile minane. Hakupunguza. Vijiko vilisimama. Mke wa ofisa mmoja, ambaye mama alimwogopa kuliko wote, akasema kwa huruma ya kweli, "Dada, si ungetuambia tu mtoto anaumwa? Nani angejua?"

Mama akanimiminia maji kikombeni, akanipa, akangoja ninywe.

"Huyu alikuwepo," akasema, "nilipokuwa naandika ile minane."